Aliyelala Kitanda cha Juu

"Bi Sabaha amesema wewe upitie uani, dada."

Aliyesema hayo alikuwa mpishi wa nyumba, mwanamke mtu mzima, na aliyasema huku akitazama kizingiti. Theopista alibaki amesimama barazani, viatu vyake vyeupe vimekwisha kushika vumbi la Mtaa wa Mkunguni. Nyuma ya mpishi aliiona ngazi ya kupandia ghorofani, na chini ya ngazi makubadhi ya wageni waliotangulia.

"Wenye makubadhi haya walipita uani?"

"Hapana, dada. Hawa wamepita hapa."

Jibu lilimjia Theopista mpaka kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Asubuhi ile, akijifunga kilemba mbele ya kioo, alikuwa amejiapiza kwamba leo hatagombana na mtu. Bi Sabaha amemwita mwenyewe kwenye karamu ya kushukuru kupona macho. Kama ni uani, na iwe uani.

Akaizunguka nyumba. Dirisha la ubavuni la duka lao la vitambaa, chini ya ghorofa, lilikuwa wazi, na ndani yake wanaume wa ukoo walikuwa wameketi wakinywa kahawa. Mbaruk alikuwa katikati yao, kanzu nyeupe, kofia imekaa vizuri, mkono umeshika kikombe asichokunywa. Aliinua macho. Theopista akaona uso ule ukibadilika wote kwa mara moja, kama chumba kilichofunguliwa dirisha. Mbaruk akanyanyuka nusu. Mzee Awadhi, ndugu wa marehemu baba yake, akamwekea kiganja juu ya goti bila hata kugeuka, na Mbaruk akaketi tena.

Aliketi. Hilo ndilo Theopista alilopanda nalo ngazi ya nyuma.

Mwanzo wa mwaka ule Bi Sabaha alikuwa haoni kabisa. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, na Mbaruk, mwanawe wa pekee, aliapa kumpeleka kwa daktari bingwa huko Paris. Mama alikubali kwa sharti awepo mwanamke wa kumshika mkono njiani. Hospitali ikamtoa Theopista, nesi wa Kichaga kutoka Kilema, aliyekuwa akiishi Kariakoo kwa kaka yake Isidori. Wakasafiri watatu. Meli iliwafikisha Venisi, na Venisi wakapanda treni ya kulala, ile ambayo tangu warudi ilikuwa ikizungumzwa sokoni na kwa washonaji wa Mtaa wa Sikukuu kana kwamba kila mtu alipanda.

Na kweli ilikuwa treni ya kuzungumzwa. Kuta zake zilikuwa za mbao zilizong'arishwa mpaka ukajiona. Viti vilikuwa vya mahameli, taa zilikuwa ndogo za shaba zenye vifuniko vya hariri, na jioni mhudumu mwenye glavu nyeupe alikuja akavuta kiti kikawa kitanda, akafungua ukuta ukatoa kitanda cha pili. Lakini Theopista hakuwa akikumbuka sana mbao na mahameli. Alikumbuka siku ya kurudi, mchana, Bi Sabaha amejilaza chumbani na miwani yake mipya minene, na yeye na Mbaruk wamesimama kwenye ujia wa behewa, nje milima ya theluji inapita.

"Kwenu kuna mlima kama hii," alisema Mbaruk.

"Wa kwetu unakaa peke yake. Hauhitaji kushikiliwa na wenzake."

Mbaruk alicheka kwa sauti ya chini. Kisha akaacha kucheka, akauweka mkono wake juu ya wake pale kwenye ufito wa dirisha. "Tukifika nyumbani nitakuposa, Theopista."

"Humu ni rahisi kusema. Kaseme Kariakoo."

"Nitasema."

Mwezi ulikuwa umeandama na kuisha tangu meli iwashushe bandarini, na hakuwa amesema. Alipita mbele ya duka la Isidori mara nyingi kuliko haja ya mtu mwenye duka lake, alimwangalia kwa macho yale yale ya kwenye ujia, lakini hakusema.

Ghorofani wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka na mito, udi unafuka, sahani za visheti na halua zinazunguka. Bi Sabaha aliketi chini ya dirisha amevaa hariri ya zambarau, miwani imeyafanya macho yake kuwa makubwa kama ya mtoto anayeshangaa. Theopista alimwamkia.

"Marahaba, marahaba," alisema Bi Sabaha upesi. "Umekuja wakati mzuri. Hebu wapitishie wageni kahawa."

Sinia ikawekwa mikononi mwake. Theopista akaishika. Akapita nayo, akainama, akamimina, na alipofika mwisho akakosa pa kukaa ila karibu na mlango, penye ndoo ya maji.

Bi Thuraya, wifi yake Bi Sabaha, mke wa Mzee Awadhi, alikuwa ameegemea mto akila kisheti. "Endelea na treni, wifi. Umetuacha kwenye chumba."

"Chumba chenyewe nadhifu," alisema Bi Sabaha, naye akasogea mbele kama msimulizi anayejua kazi yake. "Kabati unalifungua, ndani mna beseni la kunawia. Maji ya moto, ya baridi, utakavyo. Shuka zimenyooka kama karatasi. Na treni inakwenda, lakini hutikisiki, unabembelezwa. Nilijinyoosha, wenzangu, nikasema kumbe dunia ina raha hizi."

"Wewe na Mbaruk chumba kimoja?"

"Mbaruk alikuwa na chake, cha jirani. Mimi nilikuwa na yaya."

Theopista aliinua kichwa.

"Huyu?" Bi Thuraya alielekeza kidole chenye hina kuelekea mlangoni.

"Huyo huyo. Alilala chini, kwenye zulia. Na zulia lenyewe nene, msimwonee huruma." Wanawake wakacheka, na Bi Sabaha naye akacheka, lakini hakuelekeza miwani yake mlangoni.

Bi Thuraya akapangusa vidole. "Haya, jamaa, karamu hii ina mambo mawili. La kwanza ni macho ya wifi yangu, tumshukuru Mungu. La pili, wengine mmekwisha kulinusa. Mbaruk na Hind wangu. Hind yuko Tanga kwa bibi yake, akirudi tunafunga ndoa. Na fungate lao watapanda treni hiyo hiyo, ili binti yangu naye ajinyooshe."

Vigelegele vikapaa mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Theopista hakumwangalia Bi Thuraya wala wageni. Alimwangalia Bi Sabaha, ambaye alikuwa akitabasamu kwa mdomo tu.

Vigelegele vilipotulia, Theopista aliweka sinia sakafuni, akasimama.

"Mama," alisema, "mimi nililala kitanda cha juu."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Bi Sabaha ndiye aliyeelewa. "Theopista, kahawa inapoa."

"Ipoe. Mama, hukuniacha nilale chini. Waambie ulivyosema jioni ile, au nitawaambia mimi."

"Huyu yaya ana kichaa?" aliuliza Bi Thuraya.

"Mimi si yaya, Bi Thuraya. Mimi ni nesi, na mama huyu anajua jina langu mpaka la ubatizo." Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko alivyotarajia. "Jioni ile tukienda Paris, treni haijafika hata milimani, mhudumu anatandika vitanda, alikuja mzungu wa treni mwenye kofia. Chumba cha upande wa pili kulikuwa na mama mmoja mwenye koti la manyoya, aliniona ninaingia, akaenda kulalamika. Hataki kulala ukuta mmoja na mtu mweusi. Yule bwana akamwambia Mbaruk kwa Kiingereza kwamba mtumishi atapelekwa behewa la nyuma, akakae kwenye viti vya mbao. Mbaruk akasimama mlangoni kumzuia. Mama akauliza, anasema nini? Mbaruk aliona haya kutafsiri. Nikatafsiri mimi. Nikasema, anataka nitoke, Mama."

Nje muuza maji alikuwa akipita akigonga debe lake.

"Mama alikuwa haoni hata mkono wake mwenyewe. Akapapasa, akanipata, akanishika hapa." Theopista aligusa kifundo cha mkono wake. "Akasema, mwambie huyu ni mwanangu. Mwambie kama yeye hana kitanda, na mimi sina, nitakwenda kukaa kwenye mbao pamoja naye. Na akasimama kweli, na treni inakwenda, akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu. Yule bwana akaomba radhi. Nikapanda ngazi nikalala kitanda cha juu, na Mama akawa ananiuliza kila mara, umelala, mwanangu?"

Mwanamke mmoja mzee kwenye kona alisema taratibu, "Kumbe Sabaha."

"Leo nimepitishwa uani," aliendelea Theopista. "Nimeshikishwa sinia, nikaishika. Nimeambiwa nililala kwenye zulia. Yule mwenye koti la manyoya alikuwa hanijui, Mama. Wewe unanijua."

Bi Sabaha alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa nzito.

"Mkono nilikushika. Mwanangu sikukupa."

"Hukunipa. Alinipenda mwenyewe."

Mguno ulipita mikekani. Bi Thuraya alisimama wima.

"Siku ile milimani sikuwa nimelala," alisema Bi Sabaha. "Mlango haukufungwa vizuri. Yale macho mliyoniponyesha, kitu chao cha kwanza cha maana kukiona ni mkono wa mwanangu juu ya wako. Nikasema basi. Nimekwenda kutafuta macho, nimepoteza mtoto."

"Hukumpoteza. Alikuwa hapo hapo dirishani."

"Kitabu kinamruhusu kuoa Mkristo," alisema Bi Sabaha. "Mimi simruhusu. Toka nyumbani kwangu, Theopista."

"Nitatoka, Mama. Lakini nitatoka kwa mlango waliopitia wenzangu."

Akavuka chumba chote katikati ya mito na sahani, hakuna aliyemzuia, akashuka ngazi ya mbele.

Chini, wanaume walikuwa wamekwisha kutoka dukani na kusimama ukumbini. Vigelegele vya juu vilikuwa vimekatika na sauti ya mtu mmoja ikasikika muda mrefu. Hata mwenye masikio mazito angetaka kujua. Mbaruk alikuwa kwenye kidato cha kwanza, kana kwamba alitaka kupanda akakumbuka kwamba juu ni kwa wanawake.

"Theopista. Kumetokea nini?"

"Nimesikia una mchumba. Hongera."

"Mchumba nani?"

"Hind. Wameshapiga vigelegele."

Mbaruk aligeuka kumtazama Mzee Awadhi. Mzee alikuwa akichezea fimbo yake. "Tulitaka kukwambia baada ya chakula," alisema. "Mambo ya heri huambiwa mtu ameshiba."

"Kwa hiyo wewe ni wa mwisho kujua ndani ya nyumba yako," alisema Theopista. Alitaka kuishia hapo, apite, lakini uso wa Mbaruk ulikuwa karibu sana, na alikuwa ameukosa mwezi mzima. "Nilipopita dirishani ulinyanyuka. Ukawekewa mkono, ukakaa. Mbaruk, mtu anayekaa hivyo atakalishwa maisha yake yote."

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Nzuri zimekwisha. Imebaki hii."

Jasho lilikuwa limemtoka Mbaruk kwenye mpaka wa kofia. Akashuka kile kidato, akasimama ubavuni kwake. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Ami, Hind ni ndugu yangu na ninamheshimu. Sitamuoa. Ninayemtaka ni huyu."

"Mbele za watu unasema hivi?"

"Mbele za watu. Peke yangu nimejaribu mwezi mzima, nimeshindwa."

"Na posa utapeleka na nani?" Mzee Awadhi aligonga fimbo sakafuni. "Mimi siendi. Na hapa ndani hakuna atakayekwenda."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Mtu haendi kujiposea, Mbaruk, kama anayekwenda kununua nazi."

"Basi leo nitakwenda kama anayekwenda kununua nazi."

Wakatoka pamoja kwa mlango wa mbele, jua likiwa bado kali. Mtaa wa Mkunguni ulikuwa na mikokoteni na baiskeli na wanawake wenye vikapu, na kila waliyepishana naye alikuwa na sababu ya kugeuka. Fundi mmoja aliacha cherehani ikasimama. Mbaruk, kwa mazoea, alitangulia hatua mbili.

"Usinitangulie," alisema Theopista.

Mbaruk akapunguza mwendo.

"Wala usibaki nyuma."

"Nikae wapi basi?"

"Hapa." Akaonyesha ubavu wake, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Mbaruk akakaa hapo. Hawakushikana mikono, Kariakoo ya mwaka ule haikuwa ya kushikana mikono mchana, lakini kanzu na gauni viligusana kila mtu aliposogea kupisha mkokoteni, na wote wawili waliona kwamba barabara ina mikokoteni mingi, na hakuna aliyelalamika.

"Unatetemeka," alisema Theopista.

"Kidogo."

"Na mimi."

Duka la Isidori lilikuwa ng'ambo ya soko, duka la jumla la maharage, vitunguu na kahawa iliyoletwa kutoka Moshi. Isidori alikuwa mtu mpana, mwenye shati lililokunjwa mikono, na ndiye aliyemleta Theopista kutoka Kilema baba yao alipofariki, akamsomesha mpaka akavaa kofia ya unesi. Alikuwa akichota maharage kwenye gunia alipowaona mlangoni. Hakuacha kuchota.

"Kaka," alisema Theopista, "huyu ni Mbaruk."

"Namjua. Hupita hapa kila siku kama polisi."

"Amekuja kuposa."

Sasa Isidori aliacha kuchota. "Amekuja na nani?"

"Na mimi."

"Wewe huwezi kuwa mshenga wako mwenyewe." Akajifuta mikono, akamkabili Mbaruk. "Tangu mrudi dada yangu halali vizuri. Chakula anakichokonoa. Nikimuuliza, anasema ni joto. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naogopa," alisema Mbaruk.

"Unamwogopa nani?"

"Mama yangu. Na wewe."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi. Lakini nimekuja."

Isidori alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia. Kisha akatikisa kichwa. "Dada yangu ni Mkristo. Amebatizwa, amepata kipaimara, padre wa Kilema anamwombea kwa jina. Hatabadili."

"Sijamwambia abadili."

"Hujamwambia wewe. Mama yako atamwambia. Atamwambia akiamka, atamwambia akilala. Atamlainisha kama ngozi ya ng'ombe."

"Nami nitakataa akiamka na akilala," alisema Theopista. "Kaka, mimi si ngozi."

"Nyamaza wewe, sijazungumza na wewe."

"Anayeolewa ni mimi. Utazungumza na nani?"

Isidori alivuta pumzi. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na hapo ndipo Theopista alipoogopa kweli, kwa kuwa alimjua kaka yake: akipiga kelele ana huruma, akinong'ona ameamua. "Sikiliza, kijana. Sina ugomvi na dini yako, na duka lako halinitishi wala halinivutii. Lakini kwetu mtoto hatolewi kwa mtu aliyekuja peke yake kama mwizi wa kuku. Leta mkubwa wa kwenu. Mmoja tu. Hata awe na jino moja. Aje hapa asimame anitazame usoni, aseme, tunamtaka huyu. Unaye?"

Mbaruk alifikiri juu ya Mzee Awadhi na fimbo yake, juu ya wajomba waliokuwa ukumbini wakitazama sakafu. "Leo sina," alisema.

"Basi umejibiwa."

"Kaka..."

"Na wewe, Theopista, ukitoka hapa na huyu bila wazee, sitakupiga wala sitakulaani. Lakini mlango huu usiugonge."

Macho yalimjaa machozi Theopista, naye hakuyafuta. "Nitaugonga," alisema. "Kila Jumapili nikitoka misa nitakuja kuugonga. Usipofungua nitakaa hapo nje juu ya magunia yako ya vitunguu, na kila mteja akiuliza nitamwambia, kaka yangu yumo ndani ananipenda ila ameudhika. Mpaka ufungue. Unanijua."

"Nakujua," alisema Isidori kwa uchovu, akageuza uso kuelekea maharage.

Wakabaki hivyo watatu. Mbaruk alikuwa bado amesimama. Hakuondoka, na Isidori hakumfukuza. Mteja mmoja alichungulia, akaona nyuso zao, akaenda duka jingine. Adhana ya alasiri ilisikika kutoka msikitini, ikaisha.

Kisha mwanga wa mlangoni ukazibwa na mtu.

Alikuwa Bi Sabaha. Buibui lake lilikuwa na vumbi mpaka magotini, na miwani ilikuwa imeteleza puani. Alikuwa peke yake. Tangu mumewe afe hakuwahi kuonekana sokoni kwa miguu, na sasa watu wawili watatu walikuwa wamesimama nyuma yake kwa mbali, wakijifanya wanachagua nyanya.

"Mama," alisema Mbaruk.

Bi Sabaha hakumjibu. Alimtazama Isidori. "Wewe ndiye mwenye duka?"

"Ndimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Awadhi ameniambia mwanangu amekuja kuposa peke yake. Mwanangu haendi kuposa kama yatima. Mama yake mzima."

Isidori alikunja mikono kifuani. "Umekuja kuposa, Mama, au umekuja kumchukua mwanao?"

"Nilipotoka nyumbani nilikuja kumchukua." Alitafuta kitu cha kushika, akashika ukingo wa mzani. "Hapo sokoni muuza mchicha mmoja, simjui hata jina, kanisalimu. Kaniambia, Bi Sabaha, pole na hongera kwa macho, na yule binti aliyekuwa anakushika mkono hajambo? Nikasimama pale kama mti. Nitamjibu nini? Nitamwambia nimemfukuza?"

Bi Sabaha akamgeukia Theopista, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama moja kwa moja, macho makubwa nyuma ya vioo.

"Nilisema uongo mbele za wageni," alisema. "Nimewaambia hivyo kabla sijatoka. Thuraya amechukua viatu vyake ameondoka, na sijui kama atarudi kunikanyagia mlango. Usinishukuru, sikufanya kwa ajili ya kupendeza. Ndoa hii siitaki. Nilimtaka Hind, hata sasa namtaka Hind."

"Najua, Mama."

"Lakini yule mwenye koti la manyoya nilimchukia usiku kucha. Nimefika nyumbani kwangu, nimeketi kwenye mto wangu, nimefanya alichofanya yeye. Sitaki kufa nikiwa yule mwanamke." Kisha akajiweka sawa, akawa Bi Sabaha tena, akamkabili Isidori uso kwa uso. "Najua kwenu, kama kwetu, anatakiwa mkubwa wa kusema maneno. Nitayasema. Tunamtaka huyu."

Isidori alimtazama dada yake, akamtazama kijana aliyesimama muda wote ule kwenye vumbi la maharage bila kuambiwa akae, akamtazama mama aliyelitembea soko zima kwa miguu. "Dini yake hatabadili," alisema hatimaye, kwa sauti ya kawaida, ya juu. Theopista akahisi kifua kinafunguka.

"Hilo tutagombana," alisema Bi Sabaha.

"Na watoto watakuwa wa wapi?"

"Hilo tutagombana sana."

Isidori akavuta sanduku la mbao, akalipangusa kwa mkono wake wa shati mara mbili, akalisukuma karibu na mzani. Theopista alimwendea Bi Sabaha, akamshika mkono pale pale kwenye kifundo, na yule mama akaachia mzani, akauegemea ule mkono kwa uzito wake wote.

"Tutagombana, Mama," alisema Theopista. "Lakini tutagombana tumekaa."